Likizo Iliyoishia Cité Gécamines

Mjini Lubumbashi, Hiace yenye mapazia yaliyofungwa na godoro ndani ina kazi mbili tu zinazojulikana: kupeleka mgonjwa hospitali au kumrudisha marehemu nyumbani. Kwa hiyo Julai moja, gari la namna hiyo lilipozimika katikati ya njia huko Cité Gécamines, karibu na bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba, wakazi hawakuuliza maswali. Akina mama walikaza vitenge vyao. Mmoja akaleta unga wa mahindi, mwingine makaa, na bibi mmoja mwenye sauti iliyozoea kazi hiyo akaanzisha kilio kwa niaba ya wote.

Mlango wa pembeni ukafunguka. Akashuka mwanamume mwenye kaptula ya maua, akifuatwa na mkewe, watoto watatu na harufu ya vitunguu. Wote wazima. Bibi alimalizia kwanza alichokuwa amekianza, maana kilio hakiachwi njiani, kisha akauliza kwa ukali: "Sasa tulikuwa tunamlilia nani?"

Jibu lilikuwa refu. Baba huyo ni mhasibu, anakaa mtaa wa Golf, na kwa miezi mingi alikuwa akiigeuza Hiace kuukuu kuwa nyumba: vitanda viwili vinavyokunjwa, sinki la bati, jiko la gesi, mapazia aliyoshona mkewe. Likizo kubwa ya shule ilipofika, mpango ukawa kwenda mbuga ya Kundelungu, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, wakalale jirani na maporomoko ya Lofoi, ambako maji hudondoka zaidi ya mita 300 kwa mkupuo mmoja. Kilichobaki kilikuwa tangi la maji, na fundi wa kulichomelea alikuwa mstaafu wa Cité. Walipitia kulichukua. Gari likakohoa mara mbili, likanyamaza. Kutoka mlangoni kwao mpaka hapo walikuwa wamesafiri kwa muda wa kunywa chai.

Mtu mwingine angerudi nyumbani. Hawa hawakuweza. Kwanza walikuwa wameaga mtaa mzima, na majirani wengine walishatoa oda ya samaki wa kukausha. Pili, nyumba yao walikuwa wamewaazima ndugu wa mke waliotoka Kolwezi kwa ajili ya harusi, na mtu anayewajua ndugu wanaokuja harusini anajua kwamba hata mabanda ya kuku yalikuwa na watu.

"Sukumeni muingie uani, katika lupango yangu," akasema mzee mmoja mrefu mwenye kofia ngumu ya kazini, ya rangi ya njano, Jumapili mchana. Zamani alikuwa kapita, yaani msimamizi wa kazi, na kwa jinsi watu walivyoanza kusukuma kabla hajamaliza sentensi, ukapita haukuwa umemtoka.

Kule Marekani wastaafu wengi hununua nyumba za magurudumu. Kila majira ya baridi maelfu yao humiminika Quartzsite, mji mdogo jangwani Arizona, wakapanga magari yao na kuota jua mbele yake. Cité, mtaa wa wastaafu wa kampuni ya shaba, ilikuwa kinyume. Wastaafu walibaki pale pale walipo, nyumba ya magurudumu ikawafuata, tena ikiwa mbovu. Zawadi kubwa kuliko hiyo wasingeipata.

Maana watu hawa hawakuzaliwa kukaa barazani. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliyeyusha shaba yake ya kwanza Lubumbashi mwaka 1911, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 iliona afadhali kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto kuliko kuleta wanaume peke yao kwa mikataba mifupi. Nyumba, shule, hospitali, posho ya unga, hata gazeti la Mwana Shaba lililoanza 1957, vyote vilitoka kwa mwajiri mmoja. Mwaka 1967 kampuni ilitaifishwa, baadaye ikaitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000 na ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Miaka ya 1990 mambo yakaporomoka. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa hawajaona mshahara kwa miezi na miezi, na hiari ya mtu mwenye njaa ni neno la kisheria zaidi kuliko la kweli.

Wakapokea kitita, kila mtu akatafuta biashara. Wengine walinunua mashine ya kusaga, wengine wakafungua kaduka, na wengi wakanunua gari kuukuu la kubeba abiria. Magari hayo yalikufa moja baada ya jingine. Ndiyo maana kulipokucha, wazee walioizunguka Hiace ya mhasibu waliiangalia kama familia inavyomwangalia mgonjwa ambaye ugonjwa wake umeshaua watu wawili katika ukoo. Karibu kila mmoja alikuwa na Hiace aliyoizika.

Ubovu ulijulikana mapema. Kabla jua halijapanda, fundi mitambo mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye tanuri alifungua chujio la mafuta, akaliinua juu, likadondosha tope. "Ni hili," akasema. Chujio jipya lingepatikana madukani mjini siku hiyo hiyo. Mhasibu akatoa pochi. Kapita akamrudishia mkono mfukoni, kwa heshima lakini kwa nguvu.

"Baba, gari limeshafunguka. Kitu kikishafunguka, kinafanyiwa revizio jenerali."

Neno hilo lilipotajwa, nyuso za wazee zilibadilika. Mmoja alikwenda nyumbani akarudi amevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Mwingine alileta mikrometa ndani ya kisanduku chake cha mbao, chombo cha kupima mpaka sehemu ya mia ya milimita, akaanza kupima injini ambayo haijawahi kupimwa na mtu tangu itoke Japani. Vipimo vilisomwa kwa sauti, vikaandikwa daftarini, kila kimoja kikipokewa kwa kichwa kutikiswa. Ilipofika saa sita mchana, injini nzima ilikuwa imelala vipande vipande juu ya kitenge bora cha mama mwenye gari, kile alichokiweka kwa ajili ya picha za Lofoi.

Mama huyo alikitazama. Kisha akamtazama mumewe. Mhasibu akajifanya anahesabu bolti.

Basi maisha yakaanza. Saa kumi na mbili asubuhi kapita aligonga kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mwembe, kwa kuwa king'ora cha kiwanda hakimwamshi tena mtu yeyote wa kundi lake. Timu ilipanga mstari. Majina yaliitwa, na kila aliyeitwa alijibu kwa namba yake ya kazi ya zamani, namba ambayo mwenye umri wa miaka sabini na nne aliitamka haraka kuliko majina ya wajukuu wake. Mhasibu naye alipewa namba. Siku alipochelewa, aliwekewa alama nyekundu.

Umeme ulikuwa suala lenye hadhi yake. Fundi umeme mstaafu alijitolea kuvuta waya kutoka dirishani kwake hadi kwenye taa za Hiace, na kazi ikiendelea akawaeleza watoto kuhusu ile njia ya umeme wa Inga, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, inayotoka kwenye bwawa magharibi kabisa mwa nchi na kuvuka karibu kilomita 1,700 za misitu na mito mpaka Kolwezi. Watoto walikaa wima kwa mshangao. Alipobonyeza swichi, taa iliwaka, ikaonyesha nyuso zao zote, ikazimika pamoja na taa za mtaa mzima. Mzee hakushtuka hata kidogo. Alisema mita tatu za mwisho ndizo ngumu siku zote.

Julai huko Katanga si mwezi wa kulala ndani ya bati. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Familia ilijifunika kila kitu ilichokuwa nacho, yakiwemo mapazia. Usiku wa kwanza mtoto wa mwisho alilala ndani ya begi la safari, kichwa tu nje. Kesho yake bibi wa kilio, ambaye sasa alijiona anawadai marehemu mmoja, alileta blanketi nzito na mbabula yenye makaa mekundu, akaiweka nje ya mlango na kuwakataza kabisa wasiiingize ndani. "Mukiiingiza," akasema, "nitalia kweli."

Lakini lililowapa jina mtaani lilikuwa bukari, yaani ugali. Bukari la watu watano halisongwi kwa mkono mmoja. Linataka sufuria ibanwe kwa miguu na mgongo ufanye kazi. Mama aliamua kulisonga ndani, juu ya jiko la gesi, mlango na mapazia vimefungwa kwa sababu ya upepo. Gari wakati huo lilikuwa juu ya jeki nne, halina matairi. Alipoanza kusonga, Hiace ikaanza kuyumba. Alipoongeza unga, ikayumba zaidi, na kutoka ndani ikasikika sauti ya mumewe ikimhimiza: "Endelea, karibu linaiva!" Wazee waliokuwa barazani walikohoa kwa pamoja, wakakumbuka kila mmoja ana shughuli nyumbani, wakaondoka wakiwa wamewashika wajukuu mikono. Ni kapita peke yake aliyebaki, akihofia jeki. Asubuhi akina mama walimpokea mama wa Hiace kisimani kwa vigelegele, na hakuelewa kwa nini mpaka jioni.

Watoto ndio hawakuwa na habari kwamba likizo imeharibika. Katanga, babu na mjukuu hutaniana kama mume na mke, na binti wa pili, mwenye miaka tisa, alijikuta ameposwa na wazee watatu kabla ya wiki ya kwanza kwisha. Mmoja aliahidi mbuzi. Wa pili aliahidi kadi yake ya posho, ambayo haijatoa unga kwa zaidi ya miaka ishirini. Msichana alisikiliza kwa makini, kama mtoto wa mhasibu, akamwambia babu wa tatu: "Kambo, mimi nataka baiskeli, na ulete risiti." Harusi ikaahirishwa.

Kazi nayo iliahirishwa, mara kwa mara, kwa sababu ya mpira. Wazee wa upande mmoja walikuwa mashabiki wa Mazembe, wa upande mwingine wa Lupopo, klabu ya watu wa reli, na kulikuwa na spana moja tu ya ukubwa uliotakiwa. Ilitosha mtu kutaja mwaka 2010, Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazili 2–0 kule Abu Dhabi na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, na mzee mwenye nyonga mbovu angeshuka mavumbini kuonyesha jinsi kipa Kidiaba alivyokuwa akirukaruka kwa makalio kila bao likiingia. Wa Lupopo walikumbusha kwamba fainali yenyewe Inter Milan ilishinda 3–0. Spana ikafichwa. Siku ya matairi ilikuwa mbaya zaidi, maana timu hiyo hiyo ya Mazembe, ilipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, iliitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi. Wa Mazembe wakadai kwamba matairi ni haki yao ya kihistoria. Mhasibu alilazimika kugawa: mbele Mazembe, nyuma Lupopo. Tairi la akiba alipewa muuguzi mstaafu asiyependa mpira.

Hatimaye injini ilirudi mahali pake. Ilipowashwa, ilinguruma kwa sauti laini ambayo hakuna Hiace ya umri ule inayostahili kuwa nayo, na wazee walisimama kimya wakiisikiliza, kofia mikononi. Mhasibu akatoa pochi tena. Safari hii kapita alimpa daftari la mahudhurio. Lilikuwa na majina, namba, saa za kuingia na kutoka, zimepigwa mistari kwa rula. Hawakutaka fedha. Walitaka sahihi, kila ukurasa, na muhuri kama anao. Alikuwa nao, ule wa ofisi yake ndogo ya uhasibu, na aligonga mpaka wino ukafifia.

Kumbe hayo yalikuwa makaratasi ya awamu ya kwanza tu. Asubuhi ya kuondoka, familia ilikuta vitanda vimekunjwa na wazee wanne wameshaketi, ovaroli safi, vikapu vya chakula miguuni. Kapita alikuwa kiti cha mbele na daftari jipya mapajani. Injini iliyofanyiwa revizio jenerali, alieleza, inahitaji rodaji, yaani kuzoeshwa polepole, ya kilomita 1,000, mwendo usizidi 50 kwa saa, chini ya uangalizi wa timu iliyoifunga. Huo ndio utaratibu.

Mama aliuliza kama Lofoi, kwenda na kurudi, kunatosha kumaliza hizo kilomita. Kapita alifungua daftari, akapiga hesabu kwa penseli, akamwonyesha mhasibu ahakiki. Haikutosha. Ingebidi, baada ya Lofoi, waende na Kolwezi, kilomita zipatazo 300, na kurudi. Wala asihangaike na malazi, akaongeza, kwa sababu kule ana dada yake, mjane wa mtu wa mgodini, mwenye lupango kubwa. Tena amesikia kwamba hata yeye ana gari lililozimika.