Namna ya Kupanda Bururi kwa Mbio, Msimu wa Baridi

Kwanza tuelewane kuhusu baridi. Rumonge, mji wetu wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, iko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kwa mujibu wa kalenda kipupwe chetu ni Juni hadi Agosti, sawasawa na Johannesburg. Kalenda inasema hivyo, na vijana wa bandarini wanaiamini. Nenda pale saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai uwaone: majaketi mazito, kofia za sufu zimevutwa hadi kwenye nyusi, kila mmoja anaapa kwamba baridi ya mwaka huu imezidi. Jua likishachomoza vizuri, wote wamebaki na singilendi. Wewe mkimbiaji jaketi lichukue tu. Utalivua kabla hujamaliza mji, utalifunga kiunoni, litakusumbua njia nzima kama mtoto asiyetaka kutembea, na utalishukuru ukifika Bururi, maana upepo wa kule juu hauna utani na mtu aliyelowa jasho.

Sasa njia. Wapenda starehe hufuata barabara ya taifa namba 3, inayoambaa na ziwa kutoka Bujumbura, inapita Rumonge na Nyanza-Lac, hadi mpaka wa Tanzania. Huko kuna upepo, kuna samaki, kuna vivuli vya michikichi. Hatuendi huko. Sisi tunalipa ziwa kisogo na kuutazama ukuta. Uso wa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Bururi uko zaidi ya mita 1,000 juu ya hapo, na kunguru akiruka moja kwa moja kutoka Rumonge ni kilomita 20 tu au karibu na hizo. Barabara haikujengwa na kunguru. Inakata kona, inarudi ilikotoka, inakuonyesha ziwa upande wa kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, mpaka unahisi kwamba linakufuata kwa makusudi. Usimlaumu mhandisi. Hapa ardhi ilipasuka: upande mmoja ukazama, maji yakajaa hadi kina cha mita 1,470, na upande wa pili ukabaki umesimama. Wewe umejiandikisha kukimbia kwenye huo uliosimama.

Kama unataka ushauri wa wataalamu, tazama waliotutangulia. Wapelelezi Burton na Speke walitembea kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi Ujiji, lakini walipotaka kuiona kaskazini ya ziwa mwaka 1858 walipanda mitumbwi. Stanley, mtu aliyewatembeza watu hadi wakachoka kuishi, alipoongozana na Livingstone kupita pwani yetu Novemba 1871, naye alikaa mtumbwini. Walilala siku mbili Mugere, ambako hadi leo kuna jiwe lenye majina yao, kisha wakaendelea kwa maji. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Ngoja nijaribu kile kilima."

Kibali ni sura ngumu kuliko kilima. Warundi wanapenda kukimbia kwa vikundi, kwa mistari, kwa makofi na nyimbo, hasa asubuhi za wikendi. Machi 2014 wafuasi wa chama kimoja cha upinzani walipambana na polisi siku ya mazoezi, na serikali ikazuia mbio za vikundi barabarani: anayetaka kukimbia na wenzake aende kwenye viwanja vilivyotengwa. Rais wa wakati huo, Pierre Nkurunziza, alisomea ualimu wa michezo na alikuwa mcheza mpira asiyechoka, kwa hiyo huwezi kusema kwamba hakuujua uzito wa jambo. Kutokana na hayo nimejiwekea kanuni ambayo naitoa bure: mtu mmoja ni mkimbiaji, wawili ni marafiki, watatu wanamsindikiza mgonjwa, na kuanzia watano mna itikadi. Mkiwa wengi, achaneni na nyimbo zenye jina la mtu. Imbeni za kanisani, au za harusi. Rangi za fulana zichanganyike kadiri inavyowezekana, hata kama mtaonekana wendawazimu. Mwendawazimu haulizwi kadi ya chama.

Kuhusu siku, wengi watakuambia uchague Jumamosi, kwa sababu asubuhi ile ni ya kazi za jamii na magari yanasimama. Ni kweli, barabara inakuwa yako. Tatizo ni kwamba ukingoni mwa hiyo barabara wamepangwa raia wenye majembe, wanafyeka na kuzibua mifereji, na wewe unapita mikono mitupu, umevaa kaptula, unahema. Watakuita, na watakuwa na haki. Chagua siku nyingine.

Mazoezi hayahitaji kocha. Tangu petroli ilipoanza kuadimika nchini, foleni za magari kwenye vituo zikawa za kulala, wafanyakazi wengi wamekuwa wakijinoa kwa masafa marefu kila asubuhi, wakiwa na viatu vya ofisini na mkoba. Wengine wana uwezo wa kushiriki kesho. Hawajaambiwa tu kwamba wanachofanya ni michezo.

Chakula kinahitaji kuangalia mwezi. Usiku wa kuamkia mbio unapaswa kula ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wetu, waliopikwa kwa mawese, na mawese hapa si shida, michikichi imetuzunguka. Shida ni ndagala. Wavuvi huwavuta kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa, taa haina maana, mitumbwi inapumzika ufukweni na bei sokoni inapaa. Waandaaji wa mbio za Ulaya huangalia hali ya hewa. Sisi tunaangalia mwezi mwandamo, tunaongeza kama siku ishirini na tano, hapo ndagala ni wengi na tumbo lina imani. Maharage yaache. Sitaeleza sababu, kona ni nyingi na nyumba ziko karibu na barabara.

Haya, umeanza. Kilomita za mwanzo utazikimbia kwa majivuno, watoto wakikusindikiza na kukupita, wengine wakiwa na madumu ya maji. Ukuta ukianza, utakutana na watu ambao hawajawahi kujiandikisha kwenye mbio yoyote na wanapanda kila siku. Mama mmoja, kikapu cha muhogo kichwani, aliniuliza bila kugeuza shingo:

"Mwanangu, nani anakufukuza?"

"Hakuna, mama. Ni mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kupanda mlima."

Akautazama mlima, akanitazama mikono. "Basi shika hiki kikapu, tufanye wote."

Jibu la swali lake la kwanza liandae mapema, kwa sababu si la mzaha. Kwenye pwani hii watu wamewahi kukimbia kweli. Aprili 1972 maasi yalianzia Rumonge na Nyanza-Lac, yakafuatwa na mauaji nchi nzima. Vita vilivyoanza 1993 vikawarudisha watu njiani. Na Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi walirundikana Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji, hadi MV Liemba, meli iliyoundwa na Wajerumani mwaka 1913, ikawa inawabeba kwa awamu kwenda Kigoma. Mtu wa makamo anayekuona unatimua mbio alfajiri haoni afya. Karibu na nyumba za wazee punguza mwendo, salimia, tembea kidogo. Muda utakaoupoteza hakuna anayeuandika.

Mbinu ya kuvuta pumzi kilimani ingefaa kufunzwa na waendesha baiskeli wetu. Barabarani kutoka Bujumbura kupanda milimani wanajulikana: anasubiri lori linalojikokota, ananyoosha mkono, anashika bomba la nyuma, anapanda hadi juu bila kukanyaga pedali, kisha anarudi na mikungu ya ndizi kwa kasi ambayo hata malaika wake anafumba macho. Ni hatari, inaua, na imekatazwa. Nimeitaja ili ujue kwamba mtu mwenye akili timamu, akipewa mlima huu na uhuru wa kuchagua, huchagua injini ya mwenzake.

Ukifika mahali ambapo miguu imegoma, mkumbuke Vénuste Niyongabo, mtoto wa kusini, wa Makamba. Mwaka 1996, Atlanta, Burundi ikishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, alimwachia mwenzake Dieudonné Kwizera nafasi yake ya mita 1,500, mbio alizokuwa hodari kwelikweli, akaenda kujaribu mita 5,000, ambazo alikuwa hajazizoea. Akachukua dhahabu. Sehemu ya kwanza ya mfano huo inafuatika kirahisi. Mtafute mwenzako, mkabidhi namba yako ya kifuani, mwambie umemwachia kwa moyo wa uzalendo, kisha kaa kivulini. Sehemu ya pili tumwachie Niyongabo.

Wachache watafika Bururi, na kati ya hao atakuwepo mmoja asiyeridhika. Huyo atasema kwamba jasho alilomwaga bado linateremka ziwani, linatoka kwa mto Lukuga, linaingia Kongo na kuishia Atlantiki, na yeye anataka jasho lake lifike Misri. Mwelekeze Rutovu, mbele zaidi na juu zaidi, kwenye chemchemi ambayo Mjerumani Burkhart Waldecker aliitangaza kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Nile, akajenga na piramidi ndogo juu ya kilima mwaka 1938. Mpe maji, mpungie mkono, usimsubiri.

Kushuka usikimbie. Mapafu yanalipa wakati wa kupanda, magoti yanalipa wakati wa kurudi, na magoti hayana mkopo. Simama karibu na soko, tafuta lori linaloteremka na viazi au mbao, likiwa na mafuta. Futa jasho, vaa lile jaketi, ficha namba ya kifuani. Dereva akigundua kwamba umepanda kwa miguu kwa hiari yako, atajua una pesa za kuchezea, na nauli itapanda kuliko ulivyopanda wewe. Mwambie unawahi msiba Nyanza-Lac. Atakupunguzia, pengine atakukalisha mbele. Ila andaa jina la marehemu na la baba yake, maana madereva wa njia hii wanazijua familia zote.