Namna ya Kuajiriwa na Farasi

Mtafute wa bure. Nairobi hawakosekani: farasi wa mbio akishapunguza kasi pale Ngong, mwenyewe huanza kusaka mtu mwenye moyo mwema na uwanja mpana. Usiulize kwa nini anatolewa bure. Piga hesabu moja tu: farasi huishi miaka 25 hadi 30, na huyu wako anastaafu akiwa na 6. Miaka iliyobaki ni ya pensheni yake, na mlipaji amepatikana.

Uwanja wako hautoshi, ila hilo utaligundua nyasi zote zikishaliwa. Basi kodi banda kule Karen. Kuanzia hapo utalipa kodi mbili kila mwisho wa mwezi, yako na yake. Yake itakuwa na hewa safi zaidi.

Mnyama wa kilo 500 hula kama kilo 10 za nyasi kavu kwa siku. Robota la kilo 15 halimalizi siku mbili. Tenga marobota 20 ya mwezi. Tena si nyasi zozote. Jifunze kupenyeza mkono katikati ya robota kutafuta joto, kisha uvute pumzi unuse ukungu, muuzaji akikutazama kama anavyotazamwa mama aliyekataa kanga ya tatu dukani. Maji, mitungi miwili ya lita 20 siku ya baridi, na zaidi akitoka jasho. Mfereji ukikauka, anayekunywa kwanza si wewe.

Fundi wa kwato huja kila baada ya wiki 6 hadi 8. (Viatu vyako vya kazini vina miaka mitatu.) Mara moja kwa mwaka daktari huja na tupa, ndiyo, tupa ya chuma, kulainisha magego yaliyochongoka. Na kwa kuwa farasi ni mnyama wa kundi, akikaa peke yake ataanza kutafuna mlango. Mnunulie mwenzake. Ukiona huwezi, mbuzi atafaa, naye pia anakula.

Kisha ajiri saisi, yaani mtunza farasi, na ukishamwajiri, umtii. Watu wanaokosea hapa ndio ninaowahurumia kweli. Siku ya kwanza utataka kusafisha kwato mwenyewe, kwa kuwa umetazama video. Utainama, utavuta mguu, na farasi atafanya jambo la busara: atakuegemea. Mtasimama hivyo dakika nzima, shati limelowa, mguu haujatoka sakafuni. Saisi atapita na ndoo yake, ataminya kwa vidole viwili nyuma ya mguu, juu kidogo ya kifundo, na mguu utapanda wenyewe kama lifti. Hatasema neno. Farasi husimamisha masikio akisikia gambuti za saisi zikija. Wewe unayelipa, anakunusa mfukoni kuona kama umebeba karoti.

Mvua zikianza, mfungie ndani kabla jua halijatua. Usubi hutoka saa hizo, na ndio wanaoeneza ule ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ambao hauna dawa. Una chanjo, na chanjo ni ya kila mwaka. Nadhani unaanza kuuona mtindo.

Bado usiku wenyewe. Saa nane simu italia: “Bosi, anajigaragaza, anaangalia ubavu.” Hilo ni tumbo, na tumbo la farasi si mchezo, kwa maana hawezi kutapika, kilichoingia hakina njia ila kupita utumbo wote hadi mwisho, na ule mwembamba peke yake una mita 20 hivi. Utafika umevaa kandambili. Mtaondoa chakula, mtamtembeza polepole gizani, zamu kwa zamu. Daktari atakuja na bei ya usiku, ataingiza mpira puani hadi tumboni, atasikiliza ubavu wa kushoto, wa kulia, kisha atasema tusubiri. Nyote watatu mtasimama nyuma ya mkia, kimya, mkiangalia mahali pamoja.

Saa 11 alfajiri utasikia kitu kikianguka kwenye maranda: poh, poh, poh. Saisi atacheka. Wewe machozi yatakutoka, utashika simu umwamshe mwenzio nyumbani.

“Amekunya!”

Naye, bado yuko usingizini, atakuuliza ni mtoto wa nani.