Sifa za Mrithi wa Saba

Mganga ana wagonjwa wake wa kumsifu, maalim ana wanafunzi, nahodha ana mabaharia. Dalali wa nyumba hana mtu. Aliyeuza anasema kapunjwa, aliyenunua anasema kalanguliwa, na wote wawili wakimkuta njiani Chake Chake wanamwamkia kwa adabu, kwani hakuna ajuaye ni lini atamhitaji tena. Leo namsifu mimi, tena bure, jambo ambalo yeye mwenyewe asingelifanya.

Tuanze na nasaba yake, maana Pemba mtu haanzi bila ya hiyo. Wanaomwita mzushi wa juzi wasome Sahihi ya Imam Bukhari: umo mlango khasa kuhusu ujira wa dalali, na wametajwa humo Ibn Sirin, Ata na wenzao kuwa hawakuona ubaya katika ujira huo. Ni maofisa wangapi wa benki wenye shahada ya namna hiyo? Ni kweli kwamba vitabu hivyohivyo vinaharamisha kupandisha bei kwa kuleta mnunuzi asiyetaka kununua. Lakini mwenye kumsifu mtu halazimiki kusoma kila mlango.

Hoja yangu kubwa ni kwamba dalali hakujizaa. Tumemzaa sisi, kwa aibu yetu. Kule Dar es Salaam watu huandika ukutani kwa rangi nyekundu, "Nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli". Sisi hatuandiki kwamba inauzwa wala kwamba haiuzwi. Kuuza nyumba aliyoiacha baba ni fedheha, na fedheha katika kisiwa cha watu laki tano na kitu, ambao nusu yao ni ami zako na nusu ni wakwe zako, haina pa kufichwa. Ndipo anapohitajika mtu wa kuisema habari bila ya mwenyewe kuisema. Sikiliza mazungumzo yanavyokwenda:

"Yakhe, ile nyumba ya Machomane nasikia mwataka kuitoa."

"Nani kasema? Sisi hatuuzi."

"Najua. Hamuuzi. Ila akitokea mtu?"

"Akitokea mtu tutazungumza."

Hapo dalali keshapewa kazi. Hakuna karatasi, hakuna sahihi, na akiulizwa na jirani, mwenye nyumba anaweza kuapa kwamba hakumtuma mtu. Jioni dalali atakaa barazani, atavuta kikombe cha kahawa na kusema kwamba "kuna kijumba mahali", bila ya kutaja mtaa wala jina. Kabla ya Isha mji mzima unajua ni nyumba gani, na heshima ya familia haijaguswa.

Watu hushangaa amejifunza wapi ufundi huu. Mimi sishangai. Utajiri mkubwa wa Pemba ni karafuu, na karafuu haina kupatana. Mnunuzi wake ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, lililoundwa mwaka 1968. Bei imeandikwa, na anayempelekea mtu mwengine anaitwa mtu wa magendo. Watu waliozaliwa na ulimi wa biashara wakafungiwa mlango wa biashara yao wenyewe. Kipaji chote cha kusifia, kutia shaka, kuondoka kwa hasira na kuitwa tena kimehamia kwenye nyumba na viwanja. Mzee anayekabidhi magunia yake kituoni bila ya kusema neno ndiye huyohuyo atakayebishana siku tatu juu ya mlango wa uani.

Sasa tuje kwenye elimu yake, maana hapa kejeli zangu zinanishinda na inabidi nimsifu kwelikweli. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitangazwa kuwa ya Serikali, na familia nyingi zikagaiwa mashamba ya eka tatu tatu. Sheria Namba 12 ya 1992 ikathibitisha kwamba ardhi ni mali ya umma, na mwananchi ana haki ya kuitumia. Kwa hiyo unayemwona "anauza ardhi" anahaulisha haki hiyo, na kuna bodi ya uhaulishaji iliyowekwa kwa sheria ya 1994 inayotakiwa kuridhia. Juu ya ardhi hiyo pana nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Kando ya nyumba pana mnazi, na kwa mila zetu mnazi unaweza kuwa wa mtu mwengine kabisa, ambaye bibi yake aliupanda enzi za Sultani. Shamba la nyuma ni la eka tatu, halikupasa kuuzwa, ila liliuzwa kwa waraka wa mkono mbele ya mashahidi wawili, na mmoja keshafariki. Peleka mambo haya kwa mwanasheria, atafungua jalada na kukwambia urudi wiki ijayo. Mpeleke dalali uwanjani. Atasimama, atanyoosha kidole: mpaka ni ule mwembe, si huu, mnazi ni wa kina fulani wa Vitongoji, shahidi aliye hai yuko Wete, na mchana anasinzia, umwendee asubuhi. Sheha mwenyewe, kabla ya kutia muhuri, humtazama dalali usoni aone kama anakohoa.

Na hesabu! Chukua marehemu aliyeacha mjane, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mjane ana thumni. Iliyobaki, wanaume kila mmoja mara mbili ya mwanamke, nayo hugawika vizuri mpaka inatia raha: kila binti thumni moja, kila mwana thumni mbili. Dalali hupiga hesabu hiyo huku akifunga kanzu. Anajua pia kwamba mrithi akiuza fungu lake kwa mgeni, mshirika wake anaweza kuja na haki ya shufaa akalitwaa kwa bei ileile. Kwa hiyo yule kaka wa Mombasa, ambaye ninyi mmemsahau, yeye keshampigia simu.

Halafu inakuja ile sehemu isiyofundishwa madrasa. Warithi wanasema wanataka milioni 40. Dalali anaitikia, "Inshallah", anauza kwa 46, na ile sita inaitwa cha juu. Kwenye 40 mnampa asilimia tano, milioni mbili, na kumshukuru kwa tabu yake. Zinabaki 38: mjane Sh. 4,750,000, kila binti vivyo hivyo, kila mwana Sh. 9,500,000. Dalali ana milioni nane. Amempita mjane, amewapita mabinti wote, na kasoro ya milioni moja na nusu tu angekuwa mtoto wa kiume wa marehemu. Ni mrithi wa saba, ambaye hakulia msibani. Hata hivyo, warithi wa damu walikuwa wamekaa miaka sita bila ya kuzungumza, nyumba inaota uyoga, na aliyewakusanya kwenye mkeka mmoja ni yeye.

Sipiti bila ya kumtaja mteja wa Maskati. Kila nyumba iuzwayo Pemba ina mteja wa Maskati. Hana jina, hana simu, hajapata kuonekana akishuka ndege Chake Chake, lakini siku zote "kapiga jana usiku" na siku zote anatoa zaidi. Kwa muuzaji hutajwa ili asikate tamaa. Kwa mnunuzi ili afanye haraka. Wapo kweli jamaa zetu Oman wanaotuma pesa na kujenga, na uongo wa dalali umejengwa juu ya msingi wao, kwa hiyo hauanguki. Ana moyo wa matumaini mtu huyu. Waya wa umeme wa chini ya bahari ulipofika kutoka Tanga mwaka 2010, yeye alipandisha bei ya kila ukuta kisiwani, hata ule ambao nguzo ya karibu iko nusu maili. Barabara ikisikika tu inakuja, kwake imeshapita. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Dalali apone zaidi.

Utamchaguaje basi? Usimtafute mkweli, mkweli atamwambia mnunuzi kuhusu lile bomba, na kuhusu kile chumba ambacho shangazi hakukubali kulala. Usimchukue kijana wa honda na simu mbili anayekuletea watu saba kwa siku kuja kutazama: hao wanatembea tu, na kila mmoja atakwenda kueleza mna mapazia ya namna gani. Mkwepe anayekubali bei yako mara ya kwanza, keshaona cha juu kirefu. Mtafute aliyekwishauza nyumba ya jirani yako, ambaye jirani anamtukana hadi leo. Umuulize jirani jambo moja tu, kama alilipwa pesa zake zote. Akisema ndiyo kwa kununa, huyo ndiye.

Mkubaliane fungu lake mapema, mbele ya warithi wote, na yule wa Mombasa awe kwenye simu, mkimtaka pia aseme wazi mnunuzi anatoa ngapi, mbele ya mnunuzi mwenyewe. Atachukia, ataondoka, mwacheni, atarudi baada ya Alasiri. Na mlipeni kabla pesa hazijagawiwa. Zikishagawiwa, kila mrithi atasema fungu la dalali limo kwenye la mwenziwe.