Mlevi wa Kitale Yuko Juu ya Uingereza

Mlima mrefu kuliko yote nchini Uingereza ni Ben Nevis, kule Uskoti. Una mita 1,345. Mji wetu wa Kitale umekaa kwenye mita 1,900 hivi. Piga hesabu mwenyewe: mlevi aliyeteleza mtaroni karibu na steji ya matatu Jumamosi usiku, akalala humo hadi kengele ya misa ya kwanza, amelala juu kuliko Mwingereza yeyote aliyewahi kusimama katika ardhi ya kwao akipigwa picha na bendera. Na mlevi wetu hakuwa na hata soksi.

Sisemi hivi kuwadharau. Vilima vyao ni vidogo, lakini wanaviogopa inavyostahili. Mtu anakwenda kupanda Snowdon, mita 1,085, amebeba ramani, dira, filimbi, tochi, koti la mvua na chai ya chupa, na nyumbani amemwachia mtu ujumbe kwamba nisiporudi saa fulani waite waokoaji. Waokoaji wenyewe wapo kweli, watu wa kujitolea, wanaoacha chakula mezani usiku wakaenda kumtafuta mgeni aliyepotelea kwenye ukungu. Sisi tuna Elgon, mlima wa mita 4,321, nyuma ya nyumba, na tunaupanda na soda.

Sehemu ya lawama ni ya mlima. Kilimanjaro ukiitazama tu unajua hapa kuna kazi. Mlima Kenya una meno. Lakini simama sokoni Saboti uinue macho upande wa magharibi: huoni kilele chochote. Unaona mahindi yakipanda, juu ya mahindi msitu, juu ya msitu mawingu, basi. Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana, na kitako chake kina upana wa kilomita 80 hivi. Badala ya kusimama, imelala kama ng'ombe aliyeshiba. Mteremko wake ni mpole hivi kwamba mtu anaapa atafika juu kabla ya chai ya saa nne. Kilele cha juu kabisa, Wagagai, kiko Uganda. Kile kinachopandwa na wengi upande wa Kenya ni Koitobos, mita 4,222, na mtu anaweza kuzaliwa Saboti, akasoma, akaoa, akazikwa, bila kujua kiko upande gani.

Upole huo ndio uliokinasa chama chetu.

Kila Desemba chama hutafuta mahali pa kwenda kula faida. Mwaka mmoja wengi walitaka Mombasa. Nauli ikahesabiwa, kikao kikanyamaza. Hapo mweka hazina akasimama, akakohoa, akasema, "Ndugu zangu, bahari iko mbali, lakini mlima uko hapa hapa. Mlima hauna nauli." Akapigiwa makofi. Hakuna aliyekumbuka kwamba pale Chorlim kuna lango, langoni kuna karani, na karani ana kitabu cha risiti.

Shemeji yangu, Msabaoti wa Teldet, alitaka tupitie nyuma ya boma lao, njia ambayo wazee wake waliswagia ng'ombe kwenda malisho ya juu. Wazo likakataliwa, kwa sababu msituni kuna mbogo, na mbogo haulizi kitambulisho. Tukazunguka kwa Endebess hadi Chorlim, tukalipa, mweka hazina akaihesabu chenji mara mbili akiwa amenuna, na tukapewa askari. Alikuwa na bunduki, redio na gambuti. Alitutazama miguuni, mmoja mmoja, akaguna.

Tuliyemwonea wivu siku hiyo ni mweka hazina. Alikuwa amepata buti za milima katika mitumba ya Kitale, buti haswa, za ngozi, zenye ndoano za chuma za kupitishia kamba na soli nene yenye meno. Muuzaji alimwapia kwamba zimetoka Uingereza na zimepanda milima ya huko. Ndani ya ulimi wa kiatu kulikuwa na jina la Mzungu lililoandikwa kwa kalamu ya wino, limefifia nusu. Mweka hazina aliliona hilo kuwa cheti. Shemeji alivaa akala, zile za tairi, vidole vyote vikipunga upepo. Mwalimu, ambaye ni katibu wetu, alivaa raba za kukimbilia. Na mama mwenzetu anayeuza mursik, maziwa ya mgando, mjini Kitale, mkubwa kwetu sote kwa umri, alivaa gambuti, sketi mbili, sweta mbili na leso kichwani, akabeba kibuyu chake na mwavuli.

Gari lilitupandisha katikati ya misanduku na mierezi mikubwa yenye mbega, tukapita mianzi, mpaka barabara ilipochoka karibu na mita 3,500. Hapo ndipo pa kulala. Hapo pia ndipo tulipogundua kwamba chakula kilinunuliwa na mweka hazina, kwa kufuata bei. Maharagwe. Gunia dogo la maharagwe makavu, unga, chumvi, na mtungi mdogo wa gesi.

Sasa, maji ya mama yeyote wa Saboti huchemka kwenye nyuzi 93 au 94. Ukipanda hadi mita 3,500, hewa ni nyepesi, na maji huanza kutokota kwenye nyuzi 88 hivi. Yanatokota vizuri tu, yanatoa mvuke, yanarusha kifuniko, lakini hayana moto wa kutosha. Haragwe kavu halijali mvuke. Tuliyaweka jua likizama. Saa mbili usiku Mwalimu alitafuna moja, likalia.

"Yatachemka," akasema mweka hazina.

"Yanachemka tangu jioni," akasema Mama. "Hayaivi."

Mwalimu, aliyefundisha sayansi darasa la saba, alianza kueleza kanieneo ya hewa. Aliongea vizuri, kwa vidole, hata akachora kwenye vumbi kwa mwangaza wa simu, na alipofika kwenye sababu yenyewe gesi ikaisha. Tulikula ugali kwa supu ya maharagwe, maana yake maji ya rangi ya kahawia yenye chumvi, huku maharagwe yenyewe yakigongana chini ya sufuria. Mama akazungusha kibuyu cha mursik. Bila yeye ningekuwa naandika taazia.

Kuhusu baridi nitasema kidogo, kwa kuwa meno yangu hayataki kuikumbuka. Hewa hupoa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na usiku wa Desemba, mbingu zikiwa wazi, hakuna blanketi la mawingu. Alfajiri maji yaliyobaki kwenye beseni yalikuwa na kioo juu. Mwalimu alikigonga kwa kidole, akakivunja kipande, akakiinua kwenye mwanga. Mtu mzima, baba wa watoto, alikuwa hajawahi kuona barafu nje ya friji, na aliitia mfukoni mwa suruali ili awapelekee wanafunzi.

Tulianza kutembea kabla ya jua. Njia inapita nyika ya juu, nyasi za mafungu mafungu zinazokushika kifundo cha mguu, na miti ile ya lobelia na senesio iliyo mirefu kuliko mtu, imesimama kwenye ukungu na majani makubwa shingoni. Mwalimu alimsalimia mmoja, "Habari ya asubuhi, mzee," akidhani ni mchungaji. Mlima bado ulikuwa mpole. Hilo ndilo linaloudhi. Hakuna mahali unapoweza kusema hapa pananishinda kwa sababu pameinuka. Pameinuka kidogo tu, halafu kidogo tena, na pafu lako linatafuta hewa isiyokuwepo. Hatua kumi, unasimama. Unajifanya unatazama mandhari.

"Shemeji, bado mbali?" nikauliza.

"Hapo tu."

Kwa Msabaoti anayejua mlima, "hapo tu" ni popote ambapo jua halijazama bado. Kila tulipomaliza kilima, kilikuwa na mtoto nyuma yake. Askari alitembea mbele akipiga mluzi. Mama alitembea nyuma ya askari akimsimulia bei ya maziwa, sentensi nzima nzima, bila kuvuta pumzi katikati. Akageuka akatuona tumeinama na mikono magotini. "Vijana wangu," akasema, "mnatafuta nini huko chini?"

Kisha buti za Uingereza zikaanza kupukutika.

Sikukosea: kupukutika. Kwanza niliona makombo meusi njiani, nikafikiri ni kinyesi cha pimbi. Yalikuwa yakitoka chini ya kisigino cha mweka hazina. Wenye kujua viatu wanaeleza kwamba ile sponji iliyo katikati ya soli za buti nyingi za milima huoza kwa unyevu wa hewa, hata kama kiatu kimekaa kabatini miaka bila kuvaliwa. Kwa nje ngozi inang'aa. Kwa ndani ni keki ya juzi. Yule Mzungu mwenye jina ulimini huenda alipanda mlima wake mara moja, akastaafu, akazihifadhi kwa upendo, watoto wake wakazitoa sadaka, zikavuka bahari, zikafika Kitale zikiwa nzima kwa macho tu. Soli ya kulia ilitoka yote kwa pamoja, ikabaki imelala njiani na meno yake juu. Ya kushoto ilining'inia kwa mbele ikipiga makofi kila hatua, makofi ya aina ile ile aliyopigiwa kikaoni.

Shemeji hakucheka, na hilo namsifu. Alitoa kamba ya katani iliyofunga gunia la maharagwe, akamfunga miguu yote miwili kwa mafundo ya kufungia ndama. Mweka hazina akaendelea hivyo. Akala za tairi zilifika juu na kurudi bila mkwaruzo.

Koitobos yenyewe inakuja ghafla: meza ya jiwe iliyosimama ukingoni mwa kreta, kuta zake zimepangwa nguzo kwa nguzo za basalti. Ukitoka mbele unadhani utahitaji kamba za wapanda miamba. Kumbe pembeni kuna mfereji wa mawe unaopandika kwa mikono na magoti, na hapo ndipo heshima ya kila mtu ilipoachwa. Mwalimu alipanda akitumia tumbo. Mama alimpa askari mwavuli, akakunja sketi ya juu akaichomeka kiunoni, akapanda. Juu ni tambarare, na chini kreta imefunguka kilomita kadhaa, mpaka Uganda. Hata mweka hazina alinyamaza, kwa muda.

Kisha simu aliyoibeba ikalia. Ujumbe: karibu Uganda. Mtandao wa ng'ambo ulikuwa umempokea kwa mikono miwili. Kabla hatujamzuia alikuwa amempigia mkewe, kwa simu ya chama, yenye salio la chama.

"Mama Watoto! Tumefika ju..."

Salio likaisha kwenye silabi hiyo. Mkewe alituambia baadaye kwamba alidhani amesema "tumefika jumba la wagonjwa", na alikuwa ameshaanza kupiga simu hospitali zote za Kitale.

Askari alikuwa anatazama mbingu, si kreta. Saa tano mawingu yalikuwa yamekaa kitako chini yetu, na saa sita yalipanda. Tukashuka haraka, lakini si haraka ya kutosha, na mvua ya mawe ikatukuta kwenye nyika, punje za ukubwa wa maharagwe ambayo hayajaiva. Watu watano tukajibana chini ya mwavuli mmoja wa Mama, ule tuliomcheka Saboti.

Njiani kurudi tulipita Kitum, lile pango linaloingia ndani ya mlima mita 200 hivi, ambamo tembo huingia usiku gizani wakichimba ukuta kwa pembe ili walambe chumvi. Mweka hazina alikuwa amelipia kiingilio na alitaka thamani yake yote. Mwalimu akakataa kata kata. Alikuwa amesoma kwamba watu wawili waliougua Marburg wakafa, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walikuwa wamelitembelea pango hilo. Shemeji akasema wazee wake walikaa mapangoni kwenye mlima huu pamoja na ng'ombe wao, na yule mpelelezi Joseph Thomson aliyepita mwaka 1883 aliwakuta watu humo wazima. Wakabishana pale mlangoni mpaka askari alipoinua mkono na kuonyesha chini. Kinyesi cha tembo, bado kinatoa mvuke. Mjadala ukafungwa bila kura.

Basi ukitaka kuupanda, njoo, na usiudharau kwa ukaribu wake wala upole wake. Njoo kati ya Desemba na Februari, mvua zikiwa zimetulia. Lala usiku mmoja juu kabla ya kukitafuta kilele, na saa sita mchana ikukute unashuka. Mlipe askari bila kunung'unika. Nunua gambuti mpya Kitale, au azima akala za shemeji. Beba mchele. Maharagwe yaachie jiko la nyumbani Saboti, utayakuta yameiva ukirudi.