Mashine ya Kufyonza Vumbi Mtaa wa Kongo

Kwa mwanafunzi wa chuo anayeanza utafiti wa usonji Ilala, aibu mbichi kuliko zote ni swali la 12 la dodoso la kuchuja dalili za usonji: je, mtoto hukerwa na kelele za kawaida, mathalani za mashine ya kufyonza vumbi? Vumbi la Kariakoo halifyonzwi. Hufagiwa alfajiri na kurudi kazini saa mbili. Kelele za kawaida Mtaa wa Kongo ni spika inayorudia bei ya shati kutwa nzima, honi za bodaboda na mkokoteni unaodai njia. Asiyekerwa na hayo ndiye wa kuchunguzwa.

Dodoso lenyewe, M-CHAT-R, si la kudharauliwa. Lilitungwa Marekani kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, na ufundi wake unapendeza. Maswali ni 20, majibu ni ndiyo au hapana. Karibu kote, “hapana” ndiyo inayotia shaka, isipokuwa swali la 2, la 5 na la 12, ambako shaka huletwa na “ndiyo”. Kila jibu la shaka ni alama moja. Alama 3 hadi 7, mzazi huulizwa tena kwa undani. 8 na kuendelea, mtoto hupelekwa kwa mtaalamu moja kwa moja. Sasa piga hesabu: mama mwenye adabu zake, anayeitikia “ndiyo” kwa kila kitu ili mgeni asivunjike moyo, anapata alama 3 kamili. Ukarimu peke yake umemtia mtoto mashakani! Swali la kutazamana machoni nalo lina mkasa wake kwetu, ambako mtoto hukaripiwa kwa kukodoa. La kupanda samani, ndani ya chumba kimoja cha kupanga, tuliache.

Msimamizi wa mwanafunzi atapinga: mashine ni mfano tu, na bila dodoso moja Ilala haiwezi kulinganishwa na Chicago. Sawa, lakini kinacholinganishwa ni maana. Mfano ndio mpini wa swali. Mzazi asipopata pa kushika, hujibu ili yaishe. Tena kuna ambayo dodoso haliulizi kabisa. Mwaka 2006 Raymond Mankoski na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 20 wa Tanzania: 14 walitimiza vigezo vya usonji, na watatu walikuwa wakikua vizuri hadi walipougua malaria kali. Watoto watatu hawathibitishi chanzo, ila habari zao zisingejulikana bila mtu kuuliza historia ya kila mmoja.

Hapo kicheko kinakauka. Mama yule wa “ndiyo” ameshaambiwa mwanawe karogwa, kadekezwa, ataongea tu akikua. Anakuja mwanafunzi, anachukua majibu, anavaa joho, harudi. Basi utafiti uanze na swali la jirani: “Ulianza lini kuona mwanao yuko tofauti, na kabla ya hapo kulitokea nini?” Halihitaji hata umeme. Linahitaji kigoda, na mtu asiye na haraka ya kuondoka.