Sifa za Ratiba Iliyoliwa na Mchwa

Washairi wameshausifu mwezi, mnazi na macho ya warembo. Leo ni zamu ya ratiba. Sisemi ile iliyobandikwa stesheni kwa ajili ya abiria, iliyojaa adabu na ahadi. Nasifu ratiba ya kazi, kijitabu cha madereva na magadi wa treni, chenye herufi ambazo hata sisimizi angezisoma kwa miwani, alama ya kikombe cha chai jaladani, na kona tatu. Ya nne wameifaidi mchwa.

Nilikipata kwa muuza vitabu chakavu nilipokuwa natengeneza safari ya Mombasa hadi Nairobi, enzi za Reli ya Afrika Mashariki, ya kuchezea kwenye simuleta ya treni. Mwenye akili timamu angepanga mabehewa akaenda kulala. Mimi nilitaka kujua treni ya mizigo inaipisha ya abiria wapi, maana reli ni moja na mmoja lazima angoje pembeni. Mackinnon Road au Voi? Ukurasa wenye jibu ndio walioula mchwa. Viumbe wenye ladha! Matangazo ya nyuma hawakuyagusa.

Ewe kijitabu, nani mwingine angenifunza subira hivi? Mke wangu alidhani nina mchepuko, kwa jinsi nilivyokesha nikinong'ona "Makindu, Makindu". Nilipomwonyesha mwenyewe Makindu, stesheni ndani ya kijitabu, alinitazama kwa huruma ambayo wenye michepuko hawaipati.

Ni wewe uliyenisukuma kuvitafuta vichwa vya treni vya daraja la 59, vile vya Garratt: boila katikati, injini mbili huku na huku, tani 252. Viliundwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester, vikaanza kazi 1955, vikapewa majina ya milima. Vilivuta tani 1,200 kutoka pwani kupandisha bara, tena kwa mafuta mazito. Nami nilikuwa nimeshakijazia cha kwangu makaa ya mawe hadi juu. Nikasafiri mpaka makumbusho ya reli Nairobi kumwona 5918, Mount Gelai. Nilihesabu ribiti zake hadi mlinzi akaanza kunihesabu mimi. Rangi ni damu ya mzee, lakini ya mzee yupi? Nimegombana na marafiki wawili kwa swali hilo, na mmoja bado hapokei simu.

Kisha nikampata gadi mstaafu. Akasema treni ilipita Voi saa saba usiku. Kwa usingizi nikaandika 7, na kompyuta, isiyojua kwamba Mswahili huhesabu saa za usiku tangu jua kuzama, ikaipitisha asubuhi kweupe, abiria wamelala fofofo.

Nilirudi kwa mzee na kijitabu mkononi, nikamwuliza kama saa zake ni za kweli. Alicheka mpaka akakohoa. "Ratiba hiyo, mwanangu, tuliiheshimu kama mama mkwe. Tukiiona, tunapita mbali." Basi sasa nalazimika kuchelewesha treni zangu kwa usahihi, na kuchelewa kwenyewe hakuna aliyekuandika.

Jana usiku niliegesha Mackinnon Road, njia ya pembeni, nikingoja wa kupishana naye. Dakika arobaini. Chai ikapoa, mkono wa ishara haujashuka. Mke wangu akachungulia.

"Imechelewa?"

"Imeliwa."