Pampu Mbili, Tangi Kavu

Nilipokuwa mtoto Pangani, kazi yangu ya kwanza majini ilikuwa kufua maji. Baba mdogo hakunipa mshipi wala kunigusisha tanga. Alinipa upo, akanionyesha ngama, akageukia mambo yake. Ngalawa ile ilivuja kwa bidii, nami nilifua kwa bidii, na mpaka tunarudi pwani hakuna aliyekuwa amemshinda mwenzake. Maji ya nje yabaki nje: ubaharia wote niliofunzwa ndio huo.

Basi mnionee huruma nikisema kwamba Jumamosi moja ya Julai, katika Ziwa Texoma, mpakani mwa Texas na Oklahoma, nilihangaika kwa zaidi ya saa tano kuyaingiza maji ndani ya boti, na maji yakagoma.

Boti yenyewe ni ya faiba, ya mwaka 1989. Niliinunua kwa mzee mmoja aliyeniapia kwamba kila kitu kinafanya kazi. Hakusema uongo. Hakusema tu ni kazi gani. Huko tezi kuna tangi lenye mfuniko, na chini yake, ndani kabisa, pampu ndogo inayovuta maji ya ziwa kupitia tundu lililo chini ya boti na kuyapandisha kwa mpira hadi kwenye kichwa cha bomba ndani ya tangi, yatoke kama manyunyu. Kazi ya tangi ni kumweka samaki hai mpaka jioni.

Nilimweleza shemeji, kaka yake mke wangu. Yeye ni mtu wa Kigoma na amekulia kwenye dagaa, kwa hiyo alinisikiliza kwa heshima ile anayopewa mgonjwa.

"Hai wa nini, shemeji?"

"Kwenye mashindano wanampima uzito."

"Halafu?"

"Wanamrudisha ziwani."

Akatazama maji kwa muda. "Kwani alikuwa na kosa gani?"

Sisi hatukuwa na mashindano. Tulikuwa na dada yake nyumbani, aliyetaka kitu chochote kinachokaribiana na mgebuka. Lakini nilikuwa nimelilipia tangi pamoja na boti, na kitu ukishakilipia, utakitumia hata kama hukihitaji.

Kufika saa tatu asubuhi tulishapata wawili, wale wenye mistari ubavuni ambao wenyeji huwaita straipa. Nikawatumbukiza kwenye tangi kwa madaha, juu ya ndoo moja ya maji niliyoteka kwa mkono, nikabonyeza swichi. Kimya. Na samaki huyu ni mwepesi kufa, hasa kiangazi, kwa sababu maji yakipata joto hewa hupungua ndani yake. Maji ya nyuzi 10 huweza kubeba kama miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, kama saba na nusu tu. Siku ile hata sisi tuliokuwa nje ya maji tulikuwa tunatweta.

Nikaanza na fyuzi, maana fundi yeyote huanza na kitu kisichohitaji kulala kifudifudi. Fyuzi ilikuwa nzima, ila nyumba yake ilikuwa imeota ukijani mtupu. Sikuwa na msasa. Nilikuwa na mkoba wa chakula aliotufungia mke wangu, na ndani ya mfuko wake wa pembeni, tupa ya kucha. Nikakwangua mpaka shaba ikaonyesha uso. Nikabonyeza tena, na kutoka chini ukasikika mlio, nzzzz, kama nyuki ndani ya debe.

"Imepona!" nikasema.

Shemeji akafunua mfuniko. Wawili wale walikuwa wananitazama. Hakuna hata tone jipya.

Mzee mmoja kwenye boti ya jirani, ambaye nadhani alikuwa ametutazama tangu swichi ya kwanza, alipaza sauti: hewa imekwama kwenye pampu, pigeni rivasi! Ushauri wenyewe ni sahihi kabisa. Pampu za aina hii hazijui kunyonya hewa. Boti inapokimbia, tako huinuka, tundu la kuvutia hubaki juu juu na kumeza povu, kisha feni ya pampu inabaki ikizunguka kwenye upepo. Ukirudi nyuma, ziwa lenyewe linasukumwa kwenye tundu na kuitoa hewa.

Alichosahau kutuambia ni kwamba upige kidogo. Boti za miaka ile zina tezi fupi. Nilipotia rivasi kwa nguvu zote za mtu aliyekata tamaa, Ziwa Texoma lilipanda juu ya ukingo wa nyuma bila hodi, likapita kwenye viatu vya shemeji, likatelemka ngamani. Shemeji akanyanyua sufuria ya pilau juu ya kichwa chake. Vingine vyote aliviachia Mungu.

Hapo ndipo ulipotokea muujiza. Ubavuni mwa boti, kwenye katundu kadogo, maji yakaanza kuchuruzika kwa nguvu. Nilijua tangi likijaa, ya ziada hutokea ubavuni. Nikapiga kofi. Nikampungia mkono yule mzee, naye akanipungia. Tukala pilau. Kwa muda wa karibu saa nzima mchirizi ule uliendelea kutoka, unakatika kidogo, unarudi, nami kila ukirudi nilikuwa nasema, "Unaona?"

Shemeji alipofunua mfuniko kuongeza samaki wa tatu, tangi lilikuwa kavu kuliko asubuhi.

Niliketi. Nikausikiliza mlio. Nikasikia kwamba ilikuwa milio miwili. Boti hii ina pampu nyingine, ya kutoa maji ya ngama, inayojiwasha yenyewe maji yakiinua boya lake. Nikalala kifudifudi, nikaingiza kichwa na mkono kwenye kitundu cha sakafu penye harufu ya petroli, nikafuata mpira kwa vidole kutoka kwenye pampu ya tangi. Karibu shubiri moja hivi, maji yakanipiga kiganjani. Mpira ulikuwa na ufa wa urefu wa vidole viwili, ukitapika kila kitu ngamani. Maana yake ni kwamba pampu ya kwanza ilikuwa inavuta ziwa na kulimwaga ndani ya boti, na pampu ya pili ilikuwa inaliokota na kulirudisha ziwani. Ya kwanza imeandikwa galoni 500 kwa saa, yaani kama lita 1,900. Lita zote hizo zilikuwa zimepita chini ya pilau yangu, nami nazishangilia.

Nilikata mpira kwa kisu cha samaki, nikauchomeka upya, nikakaza kibano. Bado. Shemeji, ambaye kufikia hapo alikuwa ameacha kuuliza maswali, alichomeka ndoana kwenye kile kichwa cha bomba ndani ya tangi, akavuta, akatoa kipande cha udongo mgumu kama kidole gumba. Nyigu. Boti ilikaa uani kwa mzee aliyeniuzia miaka mingi, na nyigu wa udongo hawapiti tundu jembamba bila kulijengea. Tulikivunja. Ndani mlikuwa na buibui wakavu, wadogo, wamelala wamebanana kama dagaa kwenye gunia. Maji yalikosa njia juu, yakajitafutia ufa.

Saa nane na nusu tangi likajaa. Manyunyu yakatoka mazuri, yenye mapovu, ya kumfurahisha samaki yeyote. Samaki wote watatu walikuwa kwenye sanduku la barafu, marehemu.

Tulipofika kwenye njia ya kupandishia boti, nikakumbuka kibao cha onyo kilichosimama pale. Ziwa hili lina kome wadogo wenye milia kama punda milia, walioonekana hapa mwaka 2009, kwa mara ya kwanza katika Texas, na hung'ang'ania kila bomba watakaloingia. Ndiyo maana tangu Julai 2014 sheria ya jimbo inataka kila boti itoe maji yote kabla ya kuondoka: ya ngama, ya ndoo, na ya tangi.

Nikachomoa nguruzi ya boti. Ngama ikamwagika. Nikachomoa kizibo cha tangi, nikasubiri.

"Shemeji," nikasema, "mbona hayatoki?"

Akainama, akachungulia kwenye tundu la kutolea maji, akaingiza ndoana. Ilirudi na udongo kidogo kwenye ncha, mwingine ukabaki ndani, umeshikilia. Nyuma yetu magari matatu yenye trela yalikuwa yamepanga foleni, na la kwanza lilikuwa la yule mzee wa rivasi.

Shemeji hakusema neno. Aliikung'uta sufuria ya pilau, akapanda botini, akaanza kufua.